Usikopi Maelezo ya Duka la Marekani: Tuberozi ya Dar Haina Shida na Kulungu, Ina Shida na Mbuzi na Masika

Leo tunaongea na nyie mnaouza maua na miche mtandaoni, hasa mnaolima nyuma ya nyumba kule Mbagala, Chamazi, Toangoma, Boko, Bunju na Mabwepande. Hata kama wewe unauza vitu vingine soma tu, maana ugonjwa huu uko kwenye bidhaa nyingi.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mtu anapata mbegu za tuberozi, anapiga picha kali, halafu kwenye maelezo anakwama. Anafanyaje? Anaingia kwenye duka la Marekani, anakopi maelezo yao, anayapitisha kwenye programu ya kutafsiri, anapost. Unakuta ukurasa wa mtu wa Temeke umeandikwa hivi: "Panda mwezi Mei baada ya baridi kuisha. Haliwi na kulungu. Inafaa zoni 8 hadi 10."

Mteja wa Kigamboni anasoma, anaamini, anapanda Mei. Mei hapa kwetu masika haijaisha. Mbegu inakaa kwenye tope wiki tatu, inaoza. Mteja anarudi inboksi: "Dada, ulichoniuzia ni kibovu, naomba hela yangu." Na mbegu ilikuwa nzima kabisa. Kibovu yalikuwa maelezo.

Tuseme uliuza 20 kwa shilingi 1,500 kila moja, hiyo ni 30,000. Ukirudisha pesa umepoteza hiyo, umepoteza mbegu, na nauli ya kifurushi hairudi. Ukikataa kurudisha, anapiga picha ya maongezi yenu anaipeleka kwenye magrupu na neno "tapeli" juu yake. Sasa hilo neno kulifuta ni kazi kuliko kulima.

Kwa wasioijua, tuberozi ni ua jeupe linalotoka kwenye shina refu, maua mengi yamepangana kuanzia chini kwenda juu, na harufu yake inapanda zaidi jioni na usiku. Wahindi wanaliita rajnigandha, na kwao ni ua la mashada ya harusi na ya hekaluni. Asili yake ni Mexico, na wenyeji wa huko walikuwa wanalilima kabla Wazungu hawajafika. Ufaransa, mji wa Grasse, wamelilima kwa ajili ya manukato. Jirani zetu Kenya wapo wakulima wadogo wanaolilima la kukata. Wanasayansi walizoea kuliita Polianthes tuberosa, siku hizi wamelihamishia kwenye ukoo wa mkonge, wanaliita Agave amica. Ukiona majina mawili usidhani ni mimea miwili.

Kwa soko la Pwani hili ni ua ambalo halihitaji kufundishwa. Mtu aliyekulia kwenye asumini, kilua na mrehani, aliyeona bibi yake akivaa kikuba, ukimwambia "ua linalonukia usiku" ameshakuelewa. Ukiongeza wapambaji wa kumbi, na familia za Kihindi za mjini zinazohitaji maua ya ibada na harusi, wateja wapo. Kazi ni kutowapoteza.

Turudi kwenye yale maelezo ya kukopi, tuyachambue moja moja.

"Panda Mei baada ya baridi kuisha." Huyo aliyeandika anakaa sehemu ambayo majira ya baridi ardhi inaganda. Mbegu ya tuberozi ikiganda inakuwa uji, kwa hiyo anasubiri mpaka usiku wa baridi kali upite. Kwake Mei ni mwanzo wa joto. Kwetu Dar hakuna usiku wa namna hiyo. Hata kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambacho sisi tunatoa masweta, kwa tuberozi ni hali ya hewa nzuri tu. Mmea huu unapenda nyuzi joto 20 hadi 30, na hiyo ndiyo Dar yenyewe karibu mwaka mzima. Adui wa mbegu yetu ni maji yaliyosimama. Kwa hiyo kalenda ya mteja wa Dar inafuata mvua: asipande Machi, Aprili wala Mei labda kama ana kopo au tuta la kuinuka linalochuja maji vizuri. Juni masika yakishakatika, aingie kazini.

Kuanzia kupanda hadi kutoa ua ni miezi mitatu hadi minne, siku 90 mpaka 120 hivi. Piga hesabu hiyo na mteja wako. Anayetaka maua ya harusi za Desemba apande Agosti, na mwishoni mwa Agosti awe ameshamaliza. Anayekuja kununua mbegu Novemba kwa ajili ya Krismasi, mwambie ukweli kwamba hatawahi. Muuzie maua ya kukata kama unayo, au mwelekeze kwa mwenzako. Atakukumbuka kwa hilo.

"Zoni 8 hadi 10." Hizo namba ni za Wizara ya Kilimo ya Marekani. Zinaanzia 1 hadi 13, na zinapima kitu kimoja tu: usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka, kwa wastani, unafika nyuzi ngapi. Hazisemi chochote kuhusu mvua, udongo wala jua. Mteja wa Mbagala hajui yuko zoni gani na hana haja ya kujua. Ifute kabisa hiyo sentensi.

"Haliwi na kulungu." Hapa ndipo pananichekesha. Marekani wana wanyama wa jamii ya kulungu, wenye pembe zenye matawi, wanaingia mpaka bustani za mjini usiku na kula kila kitu. Ndiyo maana maduka yao yanaandika mmea upi wanauacha na upi wanaumaliza. Wanashauriana hata kujenga uzio wa mita 2.4, kwa sababu mnyama yule anaruka juu sana. Wewe ukimwandikia hivyo mtu wa Chamazi, anajiuliza kulungu katoka wapi.

Kulungu wa Chamazi ni mbuzi wa jirani. Na hapo usikimbilie kubadilisha neno ukaandika "hailiwi na mbuzi". Usiahidi hivyo. Mbuzi mwenye njaa mwezi Septemba, nyasi zimekauka, anajaribu chochote cha kijani, na hata asipokimeza atakuwa ameshaking'oa. Kinachomsaidia mteja ni kuambiwa namna ya kuzuia.

Mbuzi hafanyi kama yule wa Marekani. Kuruka kwake si kwa juu sana, yeye anasukuma, anapenya na kusimama kwa miguu ya nyuma huku ameegemea. Kwa hiyo badala ya uzio mrefu, mteja anahitaji uzio imara. Wavu wa mita moja na robo hivi unatosha kwa mbuzi wetu wengi kama nguzo zimeshindiliwa vizuri na matundu ya chini ni madogo, maana mtoto wa mbuzi akipata tundu anaingia, na mama yake atavunja kumfuata. Matawi ya miiba yaliyolazwa kwa nje yanamzuia asiegemee. Mwenye muda apande michongoma. Mwenye sehemu ndogo aweke viriba au ndoo zake juu ya kichanja au ukutani, basi. Wapo wanaokoroga kinyesi cha mbuzi na maji wakapaka kwenye majani, kwamba mbuzi hapendi kula palipo na uchafu wake. Kwa mahindi sawa, lakini kwa ua unalotaka kumuuzia bibi harusi, aaah, hapana.

Kuku nao usiwasahau. Hawali tuberozi, ila udongo laini uliomwagiwa maji asubuhi kwao ni uwanja wa kuparua, na mbegu zimekaa kina cha sentimita tano hadi saba tu. Tandaza kipande cha wavu chini juu ya udongo, chipukizi zitapita kwenye matundu. Masika konokono wakubwa wanatoka, hao waokote usiku kwa tochi. Na wateja wanaokaa karibu na misitu, mfano Mabwepande jirani na Pori la Akiba Pande, au upande wa Pugu, waulize habari ya tumbili. Tumbili uzio hamsumbui, anang'oa kwa kutaka kujua tu kuna nini chini. Huyo anahitaji kufunikiwa kwa wavu juu, angalau wiki za mwanzo.

Na kama mbuzi ni wa mtu anayejulikana, kabla ya kununua wavu mteja aongee na mwenyewe, ikishindikana apitie serikali ya mtaa. Wavu ni pesa.

Sasa baridi. Nimesema Dar haipo, na wengi wenu mkishasikia hivyo mnafuta kabisa neno baridi kwenye maelezo. Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, kwa sababu biashara ya mtandaoni haiishii Dar. Oda inatoka Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya au Lushoto, unapeleka kifurushi stendi ya Magufuli pale Mbezi, kesho yake kimefika. Mbegu imelala kwenye nyuzi 27, imeamkia sehemu ambayo usiku wa Juni na Julai watu wanaota moto ndani.

Kitulo kule Makete, hiyo hifadhi inayoitwa Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, iko kwenye urefu wa kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Maua ya pale yamezoea baridi, ni ya kwao. Tuberozi si ya kwao. Chini ya nyuzi 15 hivi inazubaa, haikui. Ikipigwa na jalidi, ile barafu nyeupe unayoikuta asubuhi juu ya majani, majani yanageuka meusi na kulegea siku hiyo hiyo.

Lakini usimkatalie mteja wa Makete. Mteja huyu ndiye ambaye yale maelezo ya Marekani yangemfaa kidogo, ila miezi igeuzwe, maana sisi tuko kusini mwa ikweta na baridi yetu ni katikati ya mwaka. Mwambie apande Septemba au Oktoba, amwagilie mpaka mvua zianze, apate maua Januari au Februari, labda Machi kwa sababu ya ubaridi wa kule. Mei majani yakianza kuwa njano apunguze maji, achimbue mbegu zote, azikaushe kivulini, azifukie kwenye maranda makavu ndani ya boksi, aziweke ndani ya nyumba sehemu isiyo na unyevu. Jikoni kwenye joto la kuni kwa mbali panafaa, ila moshi na mvuke visizifikie. Septemba anazirudisha shambani.

Asiyetaka kuchimbua apande kwenye ndoo, usiku anaingiza ndani, asubuhi anatoa juani.

Na akikutwa na usiku wa jalidi mimea ikiwa nje, kuna namna ya kuokoa. Jalidi inakuja usiku ambao anga ni jeupe, nyota zimejaa, upepo umetulia. Usiku wa mawingu hauna shida sana, kwa sababu mawingu yanazuia joto la ardhi lisipotee juu. Kwa hiyo akiona jioni anga limetakata, amwagilie udongo mchana kungali na jua, maana udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu, halafu jua likizama afunike mimea kwa shuka kuukuu, khanga zilizochoka au magunia, yakae juu ya vijiti na yafike mpaka chini. Nailoni ikigusa jani haisaidii, pale inapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi jua likitoka afunue. Na asipande bondeni kabisa. Hewa ya baridi inateremka kama maji, inatuama chini, kwa hiyo mtu mwenye bustani kwenye mteremko ananusurika usiku ambao wa bondeni analia.

Hivi vyote huwezi kuviweka kwenye posti moja, ndiyo. Ndiyo maana usiweke. Kuwa na matoleo mawili kwenye simu yako, moja la "Dar na Pwani", jingine la "mikoa ya baridi". Oda ikija, swali lako la kwanza kabla ya kutaja lipa namba liwe: uko wapi? La pili: kuna mifugo inayopita? La tatu: unamwagilia maji gani? Hilo la tatu ni kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi, na tuberozi ikimwagiliwa maji ya chumvi kila siku majani yanaungua ncha na ua linadumaa. Mwenye kisima cha chumvi akusanye ya mvua, au achanganye na ya bomba.

Bado kuna jambo la mbegu yenyewe, na hapa nawasema wauzaji bila kuwazunguka. Mbegu ya tuberozi ni kama kitunguu kidogo, na si kila kitunguu kinatoa ua. Kikiwa chini ya sentimita moja na nusu kwa upana, msimu wa kwanza kitatoa majani tu. Kile kilichokwisha kutoa ua, chenye kovu la shina kavu katikati, hakitoi tena, kinachotoa ni watoto wake wa pembeni. Wapo watu wanachimbua shina zima, wanachambua, vikubwa vyenye afya wanabaki navyo, vidogo na vya kovu ndivyo wanavyopost kwa bei ile ile. Mteja anamwagilia miezi minne, anaona majani. Hapo hakuna wa kulaumu udongo.

Uza kwa saizi. Vidogo viuze kwa jina lake, "vya kukuza, ua msimu ujao", bei ya chini. Wapo wanaovitaka. Piga picha vikiwa kando ya sarafu ya shilingi 200 ili mtu aone ukubwa. Na kabla hujavipiga picha kagua mizizi. Ukiona vinundu vinundu, hiyo ni minyoofundo, inapenda sana mchanga wa Dar, na inahamia kwenye nyanya na bamia za mteja. Usiuze hata kimoja kutoka tuta hilo. Choma, na tuta hilo usirudishe tuberozi, nyanya wala bamia.

Kuna mnaotamani kuagiza mbegu India au Uholanzi ili mpate zile za maua ya kujikunja mara mbili. Sawa, lakini mmea au mbegu kutoka nje inahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kuficha ndani ya kifurushi cha nguo si ujanja, mzigo unaweza kuteketezwa na wewe ukaingia matatani. Halafu jiulize kama unazihitaji. Ya maua ya kawaida, yenye petali za mstari mmoja, ndiyo inayonukia zaidi na inayofaa mashada. Ile ya kujikunja ni nzuri kwenye vazi. Kwa soko la watu wa harufu, unayo tayari.

Kufungasha: katisha majani, anika vitunguu kivulini wiki nzima mpaka ganda la nje liwe kavu, funga kwa magazeti, weka kwenye boksi lenye matundu. Nailoni usiiguse, ndani ya buti la basi inatoa jasho na mzigo unafika umeoza. Ndani weka karatasi yenye maelezo, kwa sababu anayepanda mara nyingi si yule aliyeagiza, ni mama yake au kijana wa bustani, na hao hawapo kwenye WhatsApp yako.

Kwa wanaouza ya kukata: kata alfajiri, maua mawili au manne ya chini yakiwa yamefunguka, mengine bado yamefumba, yatafunguka kwa mteja. Tumbukiza kwenye ndoo ya maji hapo hapo, siyo ukishafika nyumbani. Bodaboda akipita Bagamoyo Road saa saba mchana na maua yasiyofunikwa, yatafika yamelala.

Haya, chukua hii, badilisha majina na namba, itumie kwa wateja wa Dar na Pwani:

"Tuberozi nyeupe, harufu ya usiku. Vitunguu vya saizi ya kutoa ua, vimekaushwa, vimetoka bustani yetu Toangoma. Panda Juni hadi Agosti kwenye jua, kina sm 5 hadi 7, umbali sm 20 hadi 30, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na usiotuamisha maji. Ua baada ya miezi 3 hadi 4. Zuia mbuzi na kuku kwa wavu. Usimwagilie maji ya chumvi. Kila kitunguu kinatoa ua mara moja, kisha kinaacha watoto wa kupanda tena. Upo mkoa wa baridi? Tuandikie kwanza, maelezo yako ni tofauti."

Ile ya Njombe na Makete iandike mwenyewe leo jioni, mambo yake yote yako hapo juu. Ukimaliza iweke kwenye komenti, wengine waione na kuiongezea, hasa nyie mnaokaa huko huko mnaoijua baridi yenyewe.